Meno Matatu

Jumapili pale Kibuye plagi huuzwa kama omena:
kwa kikombe. Oyoo huchota, hugonga kikombe mezani
zitulie, halafu huongeza mbili za mkono.
"Zote ni moja," aliniambia. "Hesabu njia. Si ni nane?"
Nikahesabu. Zilikuwa nane.

Panya walikuwa wamekula kebo ya zahanati ya Chulaimbo
nyuma ya friji ya chanjo.
Nikakata palipotafunwa, nikavua ganda la kijivu,
nikazinyoosha nyaya kwa ukucha wa kidole gumba:
nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu,
nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.
Ndiyo sala pekee niisomayo bila kukosea.
Ncha mbili, plagi mbili, kiungo katikati.
Koleo likalia *ka!* na taa ya kijani ikapepesa.
Bi Khasandi wa rekodi alinipa mia tano na chai,
nami nikarudi mjini nikipiga mluzi.

Wiki ya tatu akapiga simu.
"Fundi, mtandao unakufa tukifunga mlango."
Nikacheka. "Basi msiufunge."
"Mvua inaingia," akasema, na hakucheka.
"Nina mama hapa na mtoto wa siku tisa,
kompyuta inasema hajazaliwa."

Adongo, aliyenifunza kazi, hakunikaripia.
Ningependa angenikaripia.
Alivaa miwani yake iliyofungwa waya upande mmoja,
akainua plagi niliyoikata, akaielekeza dirishani.
"Tazama mdomoni."
Nikatazama. Kijisahani cha shaba, na chini yake
meno mawili, yamesimama wima.
"Haya ni ya kudunga. Yanataka waya wa nyuzi nyingi,
ule laini wa kutoka ukutani hadi kompyuta,
yapenye katikati ya nyuzi, zenyewe ziyabane.
Wewe umeyapa kebo ya ukutani. Shaba moja, nzima, kaidi.
Yameigonga, yakateleza, yakabaki yanaigusa bega.
Siku ya kwanza kugusa kunatosha.
Baadaye ukuta unatikisika."

Akafungua kikopo cha dawa ya kikohozi,
akanitolea nyingine, pacha wa ile kwa macho yangu yote.
"Hii ina matatu. Moja huku, moja kule, la tatu huku tena.
Yanaupanda waya kama mtoto mgongoni,
mguu huku, mguu huku. Umtikise utakavyo."

"Imeandikwa wapi?"
"Haikuandikwa. Unauliza, au unatazama."

Miaka miwili nilikuwa nimeogopa kukosea rangi.
Usiku niliota kahawia imekaa pa kijani.
Kumbe rangi zangu zilikuwa sawasawa, zimepanga mstari
kama watoto wa gwaride, na hakuna aliyeshikwa mkono.

Chulaimbo nilikata kazi yangu mwenyewe.
Jambo hilo hawakwambii: kila kosa hula kebo.
Kila ukirudia unapoteza upana wa vidole viwili,
na aliyeipitisha ukutani hakuacha ziada.
Nilibakiwa na kipande cha kukosea mara moja tu.
Nikafunga pumzi. Nyeupe-chungwa, chungwa.
*Ka!*

Bi Khasandi hakuitazama taa.
Aliufuata mlango, akaubamiza. Akaubamiza tena.
Mara ya tatu kalenda ilianguka.
Kisha akaketi, akavuta kibodi, akamwuliza yule mama
jina la mtoto, herufi kwa herufi.
Sikudai nauli. Wala hakunipa chai.

Plagi za Oyoo sikuzitupa. Nimezitenga kwenye chupa
nikaandika kwa kalamu nene: ZA NYUZI.
Na Jumapili iliyofuata nilichuchumaa mezani pake,
nikawa naziinua moja moja kwenye jua,
nimefumba jicho, nazichungulia mdomoni,
foleni nyuma yangu inanung'unika,
hata Oyoo akashindwa kuvumilia:
"Kwani wewe unanunua plagi au unanunua punda?"