Wa Kunirudisha

Nesi Mbeleje ameuliza mara mbili:
nikupulizie ganzi kooni tu,
au nikuchome ya usingizi?
Mpira wenye kamera, anasema, mwembamba kama kidole.
Kidole cha nani, sikuuliza.

Ukilala, lazima awepo wa kukurudisha nyumbani.

Nikahesabu.
Mwanangu yuko Manyoni na vitunguu vyake.
Dada, Mpwapwa, hapokei simu.
Mizabibu ninayopogoa Hombolo haina mikono ya kusaini.

Basi nibaki macho, nikasema.
Nimezaa nikiwa macho,
nimeng'olewa gego nikiwa macho,
nimeamia uwele miezi miwili, kweleakwelea wakinicheka.
Ila koo likajifunga lenyewe
kama genge lililosikia mgambo.

Mama niliyekaa naye benchi tangu alfajiri,
vumbi la Dodoma bado kwenye kope,
akazivuta kandambili zangu chini ya kiti chake.
Lala, akasema. Nitakushikia viatu.

Kwenye fomu, palipoandikwa *uhusiano*,
kalamu ya nesi ikasimama hewani.
Andika ndugu, nikamwambia.

Halafu nikamwuliza ndugu yangu jina lake.