Daftari la Uwanja wa Rahaleo

Nimepewa daftari jipya, kalamu mbili na siku tatu.
Safu ya kwanza: kifaa. Ya pili: idadi. Ya tatu: thamani.
Ya mwisho, nyembamba kama ufito: hali.
Mkuu wa idara kasema, "Lipande, kimbunga kimeshapita,
usiniandikie hadithi. Niandikie hasara."

Basi.
Bembea, nne.
Imebaki minyororo, inagongana yenyewe kwa yenyewe
kama funguo mfukoni mwa mtu asiye na mlango.
Kiti kimoja kimeonekana kwenye majaruba ya chumvi;
aliyekiokota anakikalia akila kiporo.
"Nitakileta," kasema, "ila niacheni nimalize msimu."

Uzio wa nyavu, mita mia na arobaini:
upepo uliukunja kama mkeka baada ya matanga.

Mabenchi ya saruji, sita. Yapo.
Hayakwenda popote. Nayashukuru.
Sina safu ya shukrani.

Mkungu, mmoja.
Hapa nimekaa nusu saa, kalamu hewani.
Kuni zilishagawanywa, kila jiko na gogo lake,
lakini kivuli?
Wacheza drafti wanakifuata kila kinakohamia:
asubuhi ubavuni mwa tangi la maji,
adhuhuri wamejibana ukutani mwa choo,
alasiri wanabeba ubao, vizibo vimesimama juu yake,
unyayo kwa unyayo, kama waliobeba uji wa moto,
na Mnyambe nyuma yao analalamika:
"Kingi yangu ilikuwa hapa! Nimeiona ikisogea!"

Uwanja wa netiboli: mistari imefutika.
Kinamama wa Mitandi hawakungoja bajeti.
Fadhina Namkopi kaja na unga wa muhogo uliolowa usiku ule,
kaukausha, kachora duara, kachora nusu duara.
Kuku wakaingia, wakala kona yote ya kushoto.
Mechi ikachezwa hivyo hivyo.
Refa akiulizwa, "Ndani au nje?"
anajibu, "Waulizeni kuku."

Goli la kaskazini.
Milingoti, miwili, ipo.
Mtambaa wa panya, mmoja, haupo.

Nimeuona.
Siku ya pili nilikatiza nyuma ya nyumba ya Bi Somoe:
bomba jeupe, lenye madoa ya mpira wa masika yote yale,
limelala juu ya kuta mbili za udongo,
limebeba bati tatu na makuti mapya.
Hakunificha. Alikuwa anachambua mchicha.
"Mwanangu, si mnauita mtambaa wa panya?
Basi panya wamefika."
Akacheka peke yake. Kisha, bila kuinua macho:
"Tulikuwa saba chini ya meza.
Saba, na meza yenyewe ya kukopa.
Waambie nitaurudisha korosho zikiuzwa."

Vijana wamefunga kamba ya katani mahali pake.
Mpira ukipita, kamba inatikisika;
nusu ya uwanja wanapiga kelele, goli!
nusu wanaapa kwa mama zao kwamba si goli,
na anayeapa kuliko wote ni Shaweji, golikipa,
mjukuu wa tatu wa Bi Somoe,
ambaye mvua ikianza kugonga bati usiku
huinua mkono gizani, akaugusa ule mtambaa,
akalala.

Leo ni siku ya tatu. Mkuu ananingoja.
Nimeandika bembea. Nimeandika uzio na bei yake.
Kwenye mkungu nimeacha pengo la upana wa kidole.
Kuku sikuwataja.
Kwenye mtambaa wa panya nimefuta "haupo",
nimefuta mpaka karatasi ikatoka manyoya,
na katika safu ile nyembamba nimebananisha maneno mawili:
Upo. Unatumika.

Akiniuliza wapi,
nitamwambia, juu ya golikipa.