Nusu Nauli

Nilikuwa na miaka kumi na saba
kondakta wa basi la Kazanlak kwenda Plovdiv
aliponikatia tena tiketi ya mtoto.
Mama akaniziba mdomo kwa jicho.
Leva nne ni leva nne.

Darasani wenzangu walikwaruza, walibweka,
sauti zao zikashuka ngazi mbili mbili.
Mimi nilibaki ghorofani
na wasichana wa safu ya mbele ya kwaya.
Kocha wa mieleka alinipanga na watoto wa darasa la sita.
Nilioga wa mwisho, taa ikiwa imezimwa.

"Atachelewa tu," walisema jamaa.
"Hata Genadi, mjomba wake, alichelewa."
Mjomba Genadi ana miaka sitini na moja.
Bado anachelewa.

Baba yangu ni pua. Ndiyo kazi yake.
Mwezi wa Mei, kabla umande haujakauka,
magunia ya mawaridi hupimwa, humwagwa katika mitungi ya shaba,
na mafuta yakianza kudondoka
yeye huinama, hutoa hukumu:
haya yameungua, haya yana mvua ndani yake,
haya wapelekeeni Wafaransa.
Tangu utotoni aliniwekea kidole chini ya pua: "Je?"
Nami nilitazama nyusi zake.
Zikipanda, nilisema, "Aah."
Zikikunjana, "Bado, baba."
Miaka kumi na miwili nilifaulu mtihani
ambao sikujua swali lake.

Daktari Tsankova hakuanza kwa kunivua shati.
Alipanga vichupa vitano mezani.
Hiki? Maji.
Hiki? Maji.
Kahawa, karafuu, siki: maji, maji, maji.
Cha tano kilikuwa waridi, waridi la bonde letu.
Maji, nilisema.
Nyuma yangu kofia ya baba ilianguka
na hakuna aliyeiokota.

Daktari alichora kiumbe tumboni, mdogo kama punje ya dengu.
Chembe zinazoamuru balehe, alisema,
hazizaliwi ubongoni. Huzaliwa puani.
Kisha hufunga safari,
zikifuata neva za harufu kama kipofu afuatavyo kamba,
mpaka chini ya ubongo. Zinaketi.
Zinasubiri miaka kumi, kumi na miwili,
ndipo zinaanza kuubishia mwili hodi,
hodi, kila baada ya dakika tisini.

Zako hazikufika.
Kamba ilikatika, zikakwama mpakani.
Ni herufi moja tu ya jeni iliyokosewa,
nayo hutoka kwa... Akanyamaza.
"Kwangu," mama akamalizia.
"Umeibeba," daktari akasema. "Hukuiandika."

Sasa nina kibomba kiunoni, si kikubwa kuliko kiganja,
kinachobisha kwa niaba yao.
Dakika tisini. Hodi. Usiku pia.
Mwezi wa tatu, chunusi! Nilizihesabu kama pesa.
Mwezi wa tano sauti ilinikatikia
katikati ya jina la Nevyana, naye akacheka, kisha hakucheka.
Mwezi wa saba nilimfokea mama, nikalia,
nikala mkate mzima nimesimama.

Jumapili moja nilimpelekea mjomba Genadi vichupa vitano.
Nilimkuta zizini anakamua mbuzi,
kidevu chake laini kama yai.
Hiki? Maji.
Cha tano alikigeuza kwenye mwanga, muda mrefu.
"Watu husema waridi linanukia," alisema.
"Nilidhani ni usemi tu,
kama mtu anaposema moyo wake umevunjika."

Akauliza kama dawa bado inamfaa mtu wa umri wake.
Inafaa, nikamwambia. Mifupa itashukuru. Ndevu, huenda.
"Na harufu?"
Harufu, hapana.

Akarudi kwenye chuchu za mbuzi.
Maziwa yaligonga ndoo, yakagonga, yakanyamaza.
Kisha akauliza siku hizi nauli ya Plovdiv ni kiasi gani,
ya mtu mzima.