Hodi Kabla ya Wakati

Deoclécio ameniletea Chevette ya kijani,
teksi yake, mshono wa kiti cha nyuma umeachia,
anasema: Jacira, nigeuzie hii inywe miwa.
Nje ya Sertãozinho wanachoma mashamba.
Masizi yanatua kwenye shuka alizoanika mkewe, Zuleide,
kwenye benchi langu, kwenye kahawa yangu.
Mwaka huu kila mtu anataka alkoholi.
Wanadhani ni dawa ya nguvu.

Si nguvu, namwambia. Ni subira.
Petroli yako ni moto wa kifuu:
ibane kidogo, inawaka yenyewe,
haingoji cheche, haingoji zamu,
inabisha hodi pistoni ikiwa bado inapanda,
na pistoni haina mlango wa kufungua,
inapokea kofi usoni.
Ndiyo ile sauti unayoisikia kilimani,
kama njugu zinamwagwa kwenye sufuria.

Alkoholi unaibana, inanyamaza.
Unaibana tena, inanyamaza.
Lakini mvumilivu asiyetwikwa mzigo
ana faida gani kwako?
Ukiitia kwenye injini iliyolegea kama hii
utalipia subira usiyoitumia.

Basi nafungua.
Kichwa cha silinda chali mezani, kioo juu yake,
na bomba la sindano nililopewa na muuguzi wa zahanati.
Natia mafuta mepesi tone kwa tone
hadi kiputo cha mwisho kitoke.
Hamsini na saba.
Silinda yenyewe humeza mia nne.
Mia nne na hamsini na saba, gawa kwa hamsini na saba:
nane kwa moja, na vumbi la desimali.
Naandika kwa chaki ukutani, chini ya hesabu za marehemu baba,
ambaye saba yake ina mkia mrefu hata leo.

Deoclécio anataka kumi na tatu.
Kwa nini kumi na tatu?
Kwa sababu Valdomiro wa kituo cha mabasi ana kumi na mbili.

Nacheka, nampimia kumi na moja.
Chumba cha arobaini, basi. Kumi na saba ziondoke:
kumi zitaliwa na pistoni mpya zenye kilele,
saba nitazinyoa kwenye mashine,
milimita moja na nusu ya alumini
inayojikunja kama maganda ya viazi.
Natoboa jeti za kabureta, maana miwa hunywewa kwa wingi,
naweka na kopo dogo la petroli
la kuiamshia asubuhi za baridi. Hata subira huchelewa kuamka.

Nimekwisha kunoa, nimekwisha kuosha,
gasketi iko mkononi,
ndipo ananiuliza, akitazama viatu vyake:
Na Januari, mavuno yakiisha, bei ikipanda?
Siku nyingine nitachanganya kidogo.
Nusu kwa nusu. Zuleide ana deni dukani.

Ungesema mapema, mwanaume wewe.

Nakaa kwenye tairi.
Hesabu yote ile ilikuwa ya tangi la siku njema,
na injini haiulizwi leo umeweka nini.
Inakaza vilevile, kwa mafuta ya sikukuu
na kwa mafuta ya mkopo.

Nairudisha gasketi ndani ya boksi, natoa iliyo nene zaidi
kwa sehemu nne za kumi za milimita. Unene wa ukucha.
Chumba kinapata mililita mbili za kupumulia.
Kumi na nusu.
Naisogeza cheche nyuma nyuzi mbili,
nafuta kumi na moja ukutani kwa kiganja
na kiganja kinabaki cheupe hadi jioni.

Valdomiro atamcheka, najua.
Jumamosi tunapanda naye kilima cha kiwanda,
gia ya tatu, kanyagio hadi sakafuni,
madirisha wazi, mimi sikio nje,
moshi una harufu ya pombe na karamu iliyoungua.

Hakuna anayebisha.
Deoclécio anataka kusema kitu.
Nyamaza, namwambia. Bado tunapanda.