Bondo

Tangu alfajiri napasua sangara hapa Igombe,
kisu kimelika hadi kimekuwa kama jani la muhindi.
Mnofu ni wa kiwanda: barafu, boksi, ndege.
Mapanki ni yetu, kichwa na uti wa mgongo
na kinyama kilichomponyoka mwenye mashine.
Lakini bondo, kile kifuko cheupe cha pumzi
kinachomzuia samaki asizame,
bondo halina kwao hapa. Linapita tu.

Sserunkuma hulinyanyua juani
kama karani anayeishuku noti.
Dume, anasema. Jike. Jike. Dume.
Hapa mwaloni lina bei yake,
likivuka mpaka wa Mutukula linanenepa bila kula,
likifika Hong Kong... na hapo hunyamaza,
anacheka peke yake, anafuta mizani kwa kiganja.

“Huko wanalifanyia nini?”
“Supu. Ya mwanamke aliyejifungua.”

Nikamkumbuka mdogo wangu Nyanjige,
siku ya nne tangu atoke wodini,
anakunywa uji wa mtama usiojua maziwa.
Nikafunga bondo moja penye pindo la kanga,
dume, nene, la sangara wa kilo kumi na tisa.
Masatu mwenye mtumbwi asisikie.

Tulilichemsha tangu magharibi.
Mkaa wa elfu moja ukaisha, tukakopa mwingine.
Chumvi, ndimu, kitunguu kimoja.
Nami nahesabu kimoyomoyo: hapa inatokota karo ya muhula,
hapa mabati manane,
hapa deni lote la Bi Mkami.
Nyanjige akatafuna. Akatafuna. Akanitazama.
“Dada, mbona kama kandambili?”
Watoto wakasema gundi.
Paka alinusa sufuria, akaenda zake.

Tulicheka mpaka kichanga kikaamka,
naye akanyonya, akanyonya,
sijui ni supu au ni kicheko.

Asubuhi Sserunkuma akahesabu, akarudia.
“Limepungua moja.”
Nikamwambia yule mkubwa wa jana hakuwa nalo.
“Sasa alikuwa anaelea kwa kitu gani?”
“Labda kwa imani.”
Akanitazama mdomo, siyo macho,
kisha akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nikainamia samaki mwingine.
Kipande cha Hong Kong kimenikwama gego la nyuma,
ulimi unakitafuta tangu jana.