Kufumba Jicho Moja

Fomu ya chuo imesema: andika malengo matano,
na kila lengo lipimike.
Nimecheka peke yangu jikoni, saa tano usiku,
mvua ya Grimsby ikipiga dirisha kwa ubavu.
Mimi, Tumpe, nifundishwe kupima!
Miaka sita nimesimama kwenye mzani wa kiwanda,
minofu ya samaki, gramu mia nne, gramu mia nne,
hadi vidole vinaujua uzito kabla ya taa ya kijani.

Lakini kulenga ni jambo jingine.
Kaka yangu Ambakisye alinishikisha manati
nyuma ya nyumba, Tukuyu, shabaha yetu kopo la maziwa.
“Fumba jicho moja,” alisema, “dunia ipungue.”
Sikuwahi kulipiga lile kopo.
Nilikuwa nafumba yote mawili.

Na sasa lipi nilifumbe?
La kulia linamwona Lusajo, miaka tisa, amelala na soksi moja.
La kushoto linaiona bili ya gesi
ambayo mgongoni mwake ndimo ninamoandika.

La kwanza: kufaulu.
Nimelikata. Hilo si lengo, hilo ni dua.

La kwanza, tena: kukaa mstari wa pili.
Si wa mbele, nisije nikaonekana najipendekeza;
si wa nyuma, maana najijua,
mlango ukiwa karibu nitautumia.

La pili: swali moja kila wiki,
kwa sauti, kwa Kiingereza changu hiki kinachochechemea,
hata wale wavulana wa miaka kumi na saba wakigeuka
kumtazama mama aliyekuja na chai kwenye chupa.

La tatu, jina. Kiwandani waliniamulia niitwe Tam,
nami nikaitika, kwa kuwa mkanda ulikuwa unakwenda
na samaki hawasubiri mtu atamkwe vizuri.
Jumatatu mwalimu akisoma orodha akakwama,
nitamngoja.
Herufi tano tu. Hazimalizi pumzi ya mtu.

La nne alinipa Bozhena wakati wa mapumziko,
mdomo umejaa mkate: “Andika, nisirudi hapa tena.”
Nikaandika.
Kisha nikamwona anavyovuta glavu zake, kidole kwa kidole,
kurudi kwenye mkanda,
nikaongeza kwa herufi ndogo: ila kuja kutengeneza.

Maana nakwenda kusomea baridi.
Mama kwenye simu hakunielewa:
baridi inasomewa? Huko si mnayo ya bure?
Nikamwambia, mama, baridi nayo huharibika.
Mwezi wa saba ghala namba mbili lilikata roho,
tani nne za samaki zikaanza kulainika,
na mabosi wote wakasimama kama wafiwa
wakimngoja fundi mmoja kutoka Hull.
Akaja na kisanduku kidogo, hana haraka.
Akaweka sikio kwenye bomba
kama mkunga anavyosikiliza tumbo.
Mimi nilikuwa nimeshika ufagio.
Nikasema moyoni: kile kisanduku.

La tano sina.
Nimeandika “kuwahi”, nimefuta. Nimeandika “kutolia chooni”,
nimefuta, kisha nimelirudisha, kisha nimelifuta tena,
karatasi imetoboka hapo.

Saa sita na robo Lusajo ameamka kunywa maji.
Amesoma bili juu ya bega langu,
amesahihisha tahajia yangu mahali pawili bila kuombwa.
“Umebakiza moja.”
Nikasema, niwekee wewe.
Akafikiri, glasi mdomoni, mguu mmoja una soksi.
“Unionyeshe kinachonguruma ndani ya friji.”

Nikaandika hivyohivyo, alivyosema.
Kisha tukasimama kizani, mimi na yeye,
tukaisikiliza friji yetu kuukuu ikikoroma,
ikikohoa,
ikinyamaza.
“Imekufa?” akanong’ona.
“Subiri,” nikamwambia. “Subiri kidogo.”