Cheti cha Mtu Mmoja

Karani wa komine ya Katuba ananirudishia bahasha
kwa ncha ya kalamu, kama anayesukuma mfupa kando ya sahani.
"Mama, humu mna wazee wanne. Nyumba ni moja."

Nahesabu naye.
Buku la kazi, mwaka thelathini na nane: Kyungu Gervasi.
Karatasi ya posho ya kambi: Kyungu Zeruwazi,
maana aliyeandika siku hiyo alikuwa na mafua, au haraka.
Kadi ya hospitali: Jereve. Pafu la kushoto, vumbi.
Kisha ule mwaka majina ya watakatifu yalipokatazwa:
mstari mwekundu juu ya Gervasi,
na pembeni, kwa wino mwingine, Kyungu wa Mwilambwe.

"Leta cheti cha mtu mmoja," anasema,
"kwamba huyu na huyu na huyu ni yuleyule.
Mashahidi wawili. Wenye mvi, kama wamebaki."

Wa tano sikumtaja.
Yuko chini ya sanduku la bati, ndani ya kitambaa cha kitenge,
cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nane:
Kabange Protasi, pacha wa Gervasi.
Walizaliwa siku ya watakatifu wawili ndugu;
padri hakuhangaika kutafuta mbali.

Kwetu kila mtu anajua:
Kyungu hutangulia, Kabange hufuata.
Hazaliwi mtu Kabange akafa Kyungu.

Nkambo Umba alinisimulia mara moja tu,
akichekecha unga wa bukari, bila kuinua macho.

Daktari wa kampuni aliwapima mapasa siku moja,
meno, kifua, kilo.
Gervasi alipita. Protasi alipungukiwa na kilo mbili.
Treni ya kutoka Bukama ikamshusha aliyepita
akiwa na homa ya tumbo,
na aliyekataliwa nyuma yake, bila tiketi, amembebea mkeka.
Siku ya tatu alizikwa ng'ambo ya reli.
Hapakuwa na wa kuandika.

Jumatatu king'ora kikalia, karani akaita:
Kyungu Gervasi!
Kimya.
Akaita tena.
Mtu mwenye uso uleule akasema, Niko.

Miaka thelathini na mmoja alisema Niko.
Mbele ya tanuru, chini ya lile bomba la moshi,
akapoteza vidole viwili kwa jina la kaka,
akapata saa ya ukutani kwa jina la kaka,
akakohoa kwa jina la kaka.
Kabange aliitwa gizani tu,
na mke, kwa sauti ndogo:
kuta za kambi zilikuwa nyembamba,
na jirani alikuwa mtu wa msimamizi.

Ule mwaka wa mstari mwekundu
majirani walinung'unika, wengine walicheka,
wakaenda kunywa kwa majina yao mapya.
Yeye alikaa uani siku mbili, hakula.
Watoto walidhani ni dini.
Nkambo alisema: sivyo,
ndiyo mara ya kwanza kaka yake amekufa kwenye karatasi.

Basi nimewaleta mashahidi.
Mzee Kilufya, haoni tena; Mzee Mpoyo, husahau.
Wamesema ndiyo, ndiyo, yuleyule,
tulikuwa naye zamu ya usiku.
Nikainua mkono, nikaapa pia.
Ulimi ulikuwa mkavu,
lakini haukuteleza.

Muhuri umegonga. Mezani vumbi kidogo limeruka.
"Na wewe, Mama, jina lako? La mrithi."
Nimemwambia: Jerveza.
Babu ndiye aliyelichagua, sikuwahi kumuuliza kwa nini,
nikadhani ni lake.

Nachungulia juu ya bega lake.
Ameandika Jerveda.
Nimefungua mdomo.

Nimeufunga. Nimelipa faranga.
Nimemwachia hivyohivyo.